Umekabidhiwa Karl? Soma Kabla ya Kutia Saini

Hongera. Ikiwa karatasi ya makabidhiano iliyo mbele yako imeandikwa "Gerät 040", basi jeshi la Ujerumani la mwaka 1941 limekuamini kiasi cha kukupa mzinga mzito kuliko yote iliyowahi kwenda vitani kwa minyororo yake yenyewe. Usitie saini bado. Muulize kwanza anayekukabidhi: huyu tunakwenda kumpigia nani? Akianza kufuta miwani, vuta kiti ukae, maana maelezo ni marefu.

Karl alizaliwa kwa ajili ya ukuta mmoja. Mwaka 1936 kampuni ya Rheinmetall ilipendekeza mzinga mfupi, mnene, wa kuvunja zege la Mstari wa Maginot, ile safu ya ngome ambayo Ufaransa iliimwagia fedha mpakani mwake. Wazo la awali lilikuwa kuupeleka vipande vipande na kuuunga palepale mbele ya ngome. Kisha mtu akapiga hesabu ya muda, akaona kwamba Wafaransa wangepata nafasi ya kunywa kahawa, kulenga kwa utulivu na kuwamaliza mafundi wote kabla boliti ya mwisho haijakazwa. Januari 1937 ikaamuliwa upandishwe kwenye minyororo, utembee wenyewe. Majaribio ya kupiga yalifanyika mwaka 1939, na ya kuutembeza ukiwa kamili yakafanyika Unterlüß, Mei 1940.

Tazama tarehe hiyo vizuri. Mei 1940 ndio mwezi ambao vifaru vya Ujerumani vilipenya misitu ya Ardennes, vikaiacha Maginot imesimama na mizinga yake ikitazama upande usio na mtu. Mwezi uliofuata Ufaransa ikasalimu amri. Karl wa kwanza aliingia jeshini Novemba 1940. Kwa hiyo unapewa chombo kizima, kipya, kilichopakwa mafuta kila kiungo, ambacho kazi yake imekwisha kufanywa na wengine.

Majina, na tahadhari zake

Waliundwa saba: sita wa vitani na mmoja wa majaribio. Jina la ukoo, Karl, ni la Jenerali Karl Becker, mtaalamu wa mizinga aliyeshiriki katika kuusanifu. Usimtafute kwa ushauri. Alijiua Aprili 1940, kabla hata mmoja wa watoto hawa hajakabidhiwa.

Wawili wa kwanza waliitwa Adam na Eva. Inaonekana baadaye mtu alishituka kwamba majina ya Biblia hayafai kwa utawala ule, wakageuzwa kuwa Baldur na Wotan ili wafanane na wenzao: Thor, Odin, Loki na Ziu, miungu ya kale ya watu wa kaskazini. Shida ni kwamba Odin na Wotan ni mungu mmoja, tofauti ni matamshi ya kaskazini na ya kusini. Jeshi lililojisifu kwa utaratibu likawa na mizinga miwili yenye jina lilelile. Ukipokea amri kwa simu ya kumpeleka Odin mahali fulani, omba ije kwa maandishi.

Ukaguzi wa makabidhiano

Mzunguke. Ana urefu wa mita 11 na ushee, kimo cha mita 4.38, uzito wa tani 124. Kifaru cha Tiger, ambacho askari wa nchi nyingi walikuja kukiota usiku, hakikufika tani 60. Mtutu wake una urefu wa mita 4.2 tu, lakini mdomo una kipenyo cha sentimita 60, na kila askari mwembamba anayefika atataka kujua kama anaenea ndani. Anaenea. Mkataze.

Fungua sehemu ya injini. Utakuta Daimler-Benz yenye nguvu farasi 580. Muulize dereva kama ni ya petroli au ya dizeli, kwa sababu zilifungwa zote mbili katika magari tofauti, na jibu litaamua aina ya usingizi utakaoupata. Tangi linameza lita 1,200. Akiwa wa dizeli, lita hizo zinamfikisha kilomita 60. Akiwa wa petroli, kilomita 42, yaani karibu lita 29 kwa kila kilomita. Usimruhusu mhasibu wa kikosi aone hesabu hii akiwa peke yake chumbani.

Mwendo wake, akijitahidi na ardhi ikiwa nzuri, ni kilomita 10 kwa saa. Mwanajeshi mwenye viatu vizuri anampita kwa mbio za kawaida, na wako 21 wa kumhudumia, kwa hiyo hakuna atakayeachwa nyuma.

Usitafute deraya la maana. Bati lake ni la kuzuia vumbi na vipande vya mabomu, na askari wanaosimama juu yake kufanya kazi hawana kitu chochote kati yao na mbingu. Mtu akikwambia kwamba hiki ni kifaru kikubwa, muombe apande asimame pale juu ndege za Kirusi zikipita.

Kumfikisha

Hapa ndipo wasiojihadhari wengi wanapoumia. Wanasikia kwamba Karl anajiendesha, wanachukua ramani, wanapiga mstari kutoka kambini hadi vitani, wanaagiza petroli. Ndugu yangu, kule kujiendesha ni kwa kilomita chache za mwisho. Safari yenyewe ni ya reli: anainuliwa, ananing'inizwa katikati ya mabehewa mawili maalumu, moja mbele na moja nyuma, naye akiwa kama ndiye daraja kati yake. Reli isipokuwepo, anavunjwa vipande, vinapakiwa kwenye matrela, na kreni ya tani 35 inafuatana navyo ili kuviunga tena. Rudi sasa kwenye ile aya ya mwaka 1936: kumbeba vipande vipande na kumuunga ndilo jambo ambalo waliomsanifu walilikimbia.

Hata akiwa juu ya minyororo yake, usimkatishe kona kwa ghafla. Tani 124 zikigeuka kwenye udongo laini, ama mnyororo unatoka, ama ardhi inachimbika, ama vyote viwili. Wahandisi walijua hilo mapema, ndiyo maana mwaka 1938 na 1939 walikuwa wakiendesha gari la majaribio dogo kuliko yeye ili tu kujua ardhi itasemaje.

Kumkalisha

Kabla hajafika, lazima watu watangulie. Wanatafuta mahali palipo tambarare, pagumu, palipofichika, tena karibu sana na adui kwa sababu ambazo tutazisema. Wanachonga, wanasawazisha, wanatengeneza njia ya kuingilia. Aliyewahi kuishi kijijini wiki moja kabla ya ziara ya mheshimiwa anaijua kazi hii: barabara inachongwa ghafla, matawi yanakatwa, mawe ya kando yanapakwa chokaa, kila mtu anatoka jasho kwa ajili ya mgeni atakayesimama dakika kumi na kuondoka. Tofauti ni kwamba Karl hakuacha ahadi ya zahanati.

Akishaingia kwenye nafasi yake, bado hawezi kupiga. Teke la mzinga huu lingezisagasaga springi na magurudumu yake yote. Kwa hiyo kuna mtambo wa kumshusha: mwili mzima unateremka taratibu hadi tumbo linakaa chini, na ardhi ndiyo inayopokea kishindo. Ukitaka kumhamisha, unamwinua tena. Amri ya kuondoka haraka, kwa kikosi hiki, ni mzaha.

Tena hakikisha amekaa akiwa ameelekea shabaha. Mtutu unaweza kugeuzwa nyuzi 4 tu kwa jumla. Piga hesabu kwa umbali wa kilomita 4: unatawala upana wa mita 280 hivi. Shabaha ikiwa nje ya hapo, hugeuzi mtutu, unageuza gari zima, nalo limelala kwa tumbo. Ndiyo maana Karl anapenda maadui waliojengewa msingi. Ngome haihami, wala mji hauhami. Mengine yote yanaondoka kabla hujamaliza kulenga.

Kumlisha

Kombora jepesi lina kilo 1,700. Zito lina kilo 2,170, na lilikusudiwa kupenya zege. Hakuna sajini duniani wa kuyabeba, kwa hiyo Karl ana wapagazi wake: magari yaliyotengenezwa kwa kung'oa mnara wa kifaru cha Panzer IV na kufunga kreni mahali pake. Kila moja linabeba makombora manne. Mtutu unalazwa hadi uwe sawa na ardhi, kreni inaning'iniza kombora na kulilaza kwenye sinia, linasukumwa ndani, baruti inafuata, kisha mtutu unainuliwa tena hadi kati ya nyuzi 55 na 70. Ndipo mnapiga. Halafu mnaanza upya. Kombora moja kila dakika kumi, mambo yakienda vizuri.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Kombora zito linakwenda mita 4,320. Jepesi, mita 6,440. Mzinga wa kawaida wa Kisovieti wa milimita 76, ule wa ZiS-3 uliosukumwa na askari kwa mikono, ulikuwa na uzito wa tani moja na kitu, na ulipiga zaidi ya kilomita 13. Kwa maneno mengine, ili utumie mzinga mkubwa kuliko yote, unapaswa kuuingiza ndani kabisa ya eneo linalofikiwa na mizinga midogo ya adui, uulaze chini, na ukae nao hapo masaa. Wakubwa waliliona hilo. Mwaka 1942 wakaagiza mitutu mirefu zaidi, ya sentimita 54, yenye kombora la kilo 1,250 linalofika kilomita 10. Yaani dawa ya Karl ilikuwa kumpunguza.

Jambo moja kuhusu sauti, na utaona baadaye kwa nini ninalitaja. Kombora zito linatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 220 kwa sekunde, ambao ni mdogo kuliko mwendo wa sauti. Linapaa juu sana, linakaa angani zaidi ya nusu dakika, kisha linashuka. Waliosimama nyuma ya mzinga waliweza kuliona kwa macho likipanda. Waliokuwa mbele walisikia mshindo kwanza, kombora likafuata.

Rekodi ya utumishi, kwa wanaopenda kuuliza

Alfajiri ya tarehe 22 Juni 1941, Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti, Karl wawili walikuwa wamekwisha kukalishwa upande wa magharibi wa Mto Bug kuitazama ngome ya Brest. Wenzao walipelekwa kusini, upande wa Lviv, nao hawakukaa huko.

Brest ilikuwa ngome ya matofali ya karne ya 19, shabaha iliyofaa kabisa. Makombora yalianguka, kuta zikapasuka, na Divisheni ya 45 ya Wajerumani ilitazamia kuimaliza kazi siku hiyohiyo. Waliokuwa ndani hawakuwa wamesoma mpango huo. Walipigana kwenye mahandaki na vyumba vya chini kwa siku nyingi. Ngome Ndogo ya Mashariki ilivunjwa mwishoni mwa Juni, na aliyeivunja hakuwa Karl: ni ndege iliyodondosha bomu la kilo 1,800. Rubani mmoja, dakika chache, hakuna kreni. Meja Pyotr Gavrilov, aliyeongoza ulinzi wa sehemu hiyo, alikamatwa tarehe 23 Julai, akiwa hoi kwa majeraha na njaa. Ukitaka kuelewa kwa nini waliopanga vita walianza kuuangalia mzinga wako kwa jicho la pembeni, soma tena sentensi ile ya ndege.

Sevastopol, mwaka 1942, ndiyo siku ya heri ya Karl, kama neno heri linaweza kutumika. Jenerali Manstein alikuwa ameuzingira mji huo wa bandari kwa miezi mingi, na mbele yake kulikuwa na kitu ambacho Karl alikiota tangu tumboni: zege la kweli. Betri ya Pwani namba 30, ambayo Wajerumani waliiita Maxim Gorki, ilikuwa na minara miwili ya chuma, kila mmoja ukiwa na mizinga miwili ya milimita 305, na chini yake vyumba na njia za chini kwa chini. Haikuhama. Haikuweza kuhama. Mapema Juni Karl wakaletwa, wakakalishwa, wakalishwa, wakapiga.

Binamu yao naye alikuwapo. Dora, mzinga wa reli wa sentimita 80, mwenye tani 1,350, alipiga makombora 48 katika mzingiro ule, na tangu hapo watu wanawachanganya. Mtu akikuonyesha picha ya mnara wa chuma juu ya njia mbili za reli na kukwambia ni Karl, msahihishe kwa upole. Dora hakujifanya kwamba anatembea.

Betri ya 30 iliumizwa vibaya. Lakini ilichukuliwa tarehe 17 Juni na askari wa miguu na wahandisi wa kivita waliotambaa hadi juu yake na baruti mikononi, na waliobaki chini waliendelea kukataa kutoka kwa siku kadhaa zaidi. Mji ulianguka mwanzoni mwa Julai. Katika taarifa za ushindi Karl alipata picha nzuri. Wale waliotambaa walipata makaburi.

Baadaye ilikuwa apelekwe Leningrad. Wasovieti walishambulia kwanza, mpango ukafa. Tuendelee.

Kwa msomaji aliye upande wa pili wa mtutu

Mwongozo kama huu huandikwa kana kwamba wasomaji wote wako nyuma ya mzinga. Si kweli, na kwa Karl ni uongo zaidi, kwa sababu walioonja kazi yake kwa wingi hawakuwa askari wa ngome.

Tarehe 1 Agosti 1944 watu wa Warsaw waliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameukalia mji wao kwa karibu miaka mitano. Katikati ya mwezi huo Ziu aliteremshwa kutoka kwenye reli na kukalishwa katika bustani ya Sowiński, mtaa wa Wola. Ndiyo, bustani ya mapumziko. Katika mtaa huo wa Wola, siku chache kabla, makumi ya maelfu ya raia walikuwa wameuawa kwa risasi nyumba kwa nyumba, na bustani yenyewe ilikuwa mojawapo ya mahali walipouliwa. Kikosi kilipata uwanja tambarare, mgumu, usio na wakazi wa kulalamika.

Kombora lililosanifiwa kupenya zege, lenye fyuzi ya kuchelewa kidogo ili lilipuke likiwa ndani kabisa, fikiria linapoangukia nyumba ya ghorofa. Linatoboa paa. Linatoboa sakafu ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza. Linalipukia chini kwenye stoo za makaa, na huko chini ndiko walikojificha watu wote wa jengo. Kila kanuni ya busara kwa raia anayeshambuliwa kwa mizinga inasema shuka chini. Kwa Karl, kanuni hiyo ilikuwa inakupeleka kwenye shabaha.

Kwa hiyo tahadhari zangu kwa upande huu ni chache. Ukisikia mshindo mzito kutoka magharibi, una sekunde kama ishirini, labda na ushee. Baada ya hapo una dakika kumi hadi unaofuata. Katika dakika hizo watu walichimbua wenzao kwa mikono.

Tarehe 28 Agosti kombora lilipiga jengo la Prudential, la ghorofa 18, refu kuliko yote mjini. Mpigapicha wa waasi, Sylwester Braun, alikuwa juu ya paa la nyumba nyingine na kamera tayari, akaunasa mlipuko katika picha kadhaa mfululizo. Ni mojawapo ya picha zinazojulikana zaidi za uasi ule. Jengo lilitoboka, likawaka, likabaki na mifupa ya chuma tu, lakini halikuanguka. Leo ni hoteli.

Na baadhi ya makombora yaligoma. Moja liliingia kwenye jumba la mkahawa wa Adria, katikati ya mji, likapita hadi chini na kunyamaza. Waasi walikuwa na uhaba wa kila kitu, risasi zikihesabiwa moja moja. Sasa Wajerumani wakawa wamewaletea mlangoni, bila malipo, chombo kilichojaa baruti. Mafundi wao walikaa juu ya makombora kama hayo na bisibisi na vifaa vya mkono, wakafungua fyuzi, wakatoa baruti, wakaigeuza kuwa mabomu ya kurusha kwa mkono. Sijui kama kuna kikosi kingine cha mizinga mizito kilichowahi kumgharimia adui silaha kwa ukarimu wa namna hiyo. Miaka mingi baada ya vita, wajenzi wanaochimba misingi Warsaw wamewahi kukutana na kombora la Karl likiwa bado limelala udongoni, na mitaa ikafungwa.

Uasi ulizimwa mwanzoni mwa Oktoba. Raia waliokufa wanakadiriwa kati ya 150,000 na 200,000. Wengi hawakuuawa na mzinga huu. Waliuawa kwa bunduki, kwa moto, kwa ndege, kwa mizinga ya kawaida. Usimpe Karl hata sifa hiyo ya kutisha ambayo si yake.

Kazi ya mwisho, na namna ya kuikosa

Machi 1945 Wamarekani waliliteka daraja la Ludendorff pale Remagen, wakaanza kuvuka Mto Rhine. Hitler akataka livunjwe kwa kila njia. Zikatumwa ndege, zikarushwa roketi za V-2, wakatumwa wapiga mbizi. Karl naye akaitwa. Alipiga makombora 14, akagonga nyumba za watu, hakuligusa daraja, kisha ikabidi arudishwe nyuma kutengenezwa. Daraja lilianguka lenyewe tarehe 17 Machi kwa majeraha ya awali, likawaua wahandisi wa Kimarekani waliokuwa wakilitengeneza. Kufikia hapo Wamarekani walikuwa wamejenga mengine kando yake.

Kumbuka zile nyuzi 4 na zile dakika kumi. Daraja jembamba linaloonekana kutoka mbali kama uzi si shabaha ya mzinga uliozaliwa kupiga kilima cha zege. Aliyetoa amri alijua uzito wa Karl na hakujua kingine.

Ushauri kwa wapenzi wa mitambo mikubwa

Kundi hili ndilo linaloniumiza kichwa. Hawana mzinga, hawana vita, wana picha ukutani. Watakutajia tani 124 na sentimita 60 kwa sauti ya mtu anayetaja mabao ya timu yake. Waambie: ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Kisha waulize mzinga huu ulishinda vita gani ambavyo visingeshindwa bila yeye, uwaone wakibadilisha mada kwenda kwenye Dora.

Wala usidhani somo lilieleweka mara moja. Mwaka 1957 Wasovieti walipitisha kwenye Uwanja Mwekundu mzinga wa Oka, wa milimita 420, wenye mtutu wa mita 20 hivi uliochomoza mbele kupita kiasi. Wageni walitoa macho. Katika majaribio, teke lake lilikuwa linavunja mitambo ya gari lenyewe. Ulifutwa baada ya miaka michache. Waliofuata walipunguza tamaa: Pion wa milimita 203, aliyeingia kazini katikati ya miaka ya 1970, ana tani 46 na nusu na anapiga kilomita 37. Theluthi moja hivi ya uzito wa Karl, na zaidi ya mara nane ya umbali wa kombora lake zito. Hakuna anayembandika ukutani.

Ukitaka kumwona Karl kwa macho, amebaki mmoja, kwenye makumbusho ya vifaru ya Kubinka, nje ya Moscow. Wengine walilipuliwa na watumishi wao wenyewe au walikamatwa na kuishia kuwa chuma chakavu. Wa Kubinka alisimama miaka mingi akiwa ameandikwa Adam ubavuni kwa herufi kubwa, na wageni wakaandika hivyo kwenye picha zao. Baadaye walioitengeneza upya rangi yake walikuta chini jina jingine, Ziu, aliyefika Warsaw Agosti 1944. Picha za zamani zenye maelezo ya Adam bado zinazunguka. Ukikutana nazo, msahihishe mwenye nazo, na safari hii usijali sana upole.